Mgongo wa mwanafunzi haunyooshwi kwa amri

"Keti wima!" Sidhani kuna Mkenya aliyepitia mikononi mwa walimu ambaye hajawahi kuamrishwa hivyo. Amri yenyewe ni fupi, ina mlio wa kijeshi, na matokeo yake huonekana papo hapo. Darasa zima hushtuka, migongo ikanyooka kama mianzi, videvu vikainuka, naye mwalimu akaridhika na kuendelea na somo lake. Lakini, ewe mwalimu mwenzangu, hebu subiri dakika tatu tu kisha uwatazame tena wanafunzi wale wale. Mmoja ameshalilalia dawati. Mwingine ameegemeza shavu kiganjani. Wa tatu ameukunja mguu mmoja na kuukalia, na yule mrefu wa nyuma amejipinda hata pua yake inakaribia kuligusa daftari. Je, hawa wote ni watukutu? Je, ni wavivu? Nimeshika chaki kwa miaka mingi, na leo ningependa kuwatetea.

Ninavyoamini mimi, mkao wa mwanafunzi ni jibu ambalo mwili wake unayatolea mazingira alimowekwa. Dawati likiwa fupi, atajikunja. Likiwa refu, ataning'inia. Akikalishwa saa nzima bila kujinyoosha, ataanza kujipindapinda kutafuta nafuu, nasi tutamwita msumbufu. Kumkaripia mtoto huyo na kuliacha dawati lilivyo ni sawa na kumpiga mgonjwa kwa sababu anakohoa.

Imani kwamba mtoto hunyooshwa kwa kulazimishwa ni kongwe sana. Mnamo mwaka 1741 daktari mmoja Mfaransa, Nicolas Andry, alichapisha kitabu ambacho jina lake ndilo lililozaa neno othopedia, linalotumika hadi leo katika hospitali zetu kwa tawi la tiba ya mifupa. Alilibuni neno hilo kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya nyoofu na jingine lenye maana ya mtoto. Ndani ya kitabu hicho mna mchoro wa mti mchanga uliopinda, ambao umefungwa kwa kamba kwenye nguzo iliyonyooka ili ukue ukiifuata. Mchoro huo umekuwa nembo ya madaktari wa mifupa katika nchi nyingi. Wahenga wetu nao, bila ya kumsoma Mfaransa huyo, walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Sina ugomvi na wahenga panapohusika malezi ya tabia. Ila mgongo wa mtoto si samaki wala si mti, na anayetaka kuuelekeza hana budi kwanza kujua ulivyoumbwa.

Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana nyuma ya nyonga na nyingine 4 ndogo za kifandugu. Ukiutazama kutoka ubavuni utaona kwamba haujanyooka hata kidogo. Shingoni unaingia ndani, kifuani unatoka nje, na kiunoni unaingia ndani tena. Mtoto huzaliwa akiwa na mpindo mmoja tu, kama herufi C. Mpindo wa shingo hukamilika anapojifunza kukiinua kichwa, na ule wa kiuno anapojifunza kuketi, kusimama na kutembea. Mipindo hiyo ndiyo inayoubebesha mwili uzito wake bila ya kuuchosha upesi. Kwa hiyo mwalimu anayedai mgongo ulionyooka kama rula anadai kitu ambacho Muumba hakukitia.

Kati ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu chenye ute mzito katikati. Kwa mtu mzima, kiini cha kisahani hicho hakina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa jirani. Mchana kutwa, tunapokuwa wima, uzito wa mwili hukikamua maji kidogo kidogo. Usiku tunapolala huyafyonza tena, kama sifongo iliyoachiwa mkono. Ndiyo sababu kila mtu ni mfupi jioni kuliko alivyokuwa asubuhi, na tofauti hiyo hufikia takriban asilimia 1 ya urefu wake. Nitalirudia jambo hili kwa manufaa ya wanafunzi wapendao sayansi.

Wapo watu waliojitolea kuchomwa sindano ili tuyajue zaidi mambo hayo. Katika miaka ya 1960, daktari Alf Nachemson wa Uswidi aliingiza kipimo ndani ya visahani vya watu walio hai na kupima shinikizo lililomo. Aliona kwamba kuketi bila egemeo kulizidisha shinikizo kwa takriban asilimia 40 kuliko kusimama, na kuketi huku mtu ameinama mbele kulizidisha hata zaidi. Takwimu hizo zikanakiliwa katika vitabu vingi, na kutoka humo pakazuka mahubiri mengi ya kuketi wima. Kisha mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani, wakiongozwa na Hans-Joachim Wilke, walirudia kazi hiyo kwa vyombo vya kisasa ndani ya mgongo wa mtu mmoja aliyejitolea. Kwake yeye kuketi kwa utulivu hakukuzidi kusimama, na alipojilegeza akaegemea nyuma ya kiti shinikizo lilishuka hadi karibu nusu. Lakini alipoketi na kuinama mbele kabisa, lilipanda sana. Hapo ndipo wataalamu hao wawili wanapokutana, na hapo ndipo madawati yetu yanapoingia kwenye kesi hii, kwa sababu dawati baya humlazimisha mtoto kuinama mbele siku nzima.

Nimwongezee msomaji habari nyingine itakayowashangaza waliolelewa kwa rula. Mwaka 2019 kundi la wataalamu wa tiba ya viungo liliandika wazi kwamba hakuna ushahidi madhubuti wa kuwapo mkao mmoja sahihi unaomfaa kila mtu au unaozuia maumivu ya mgongo. Unaoumiza ni mkao wowote ule unaodumu mno, hata ule uliosifiwa na mwalimu wa zamu. Nawaomba mnaosoma mstari huu katika chumba cha walimu mbadilishe mnavyoketi kabla ya kuendelea na aya ifuatayo.

Sasa tuliangalie dawati lenyewe, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Dawati la shule nyingi za umma nchini ni la watu wawili, benchi lake limeunganishwa na meza kwa mbao au vyuma, na lina kimo kimoja. Watoto hawana kimo kimoja. Katika darasa moja tu la Gredi ya 6 si ajabu kumkuta mvulana mdogo na msichana aliyekwisha kurefuka wakipishana kwa sentimita 30. Yule mfupi miguu yake haifiki chini. Ncha ya benchi humbana mapajani, miguu ikafa ganzi, naye akasogea mbele mpaka nyayo zigusane na sakafu. Hapo ameliacha egemeo, kama lipo. Yule mrefu magoti yake hugonga upande wa chini wa meza, na meza yenyewe imekuwa chini mno kwa viwiko vyake, basi hujikunja kama ndoano. Na kwa kuwa benchi limefungwa pamoja na meza, hakuna awezaye kulivuta karibu. Njia pekee ya kulifikia daftari ni kuuinamisha mgongo.

Dawati hilo ni mjukuu wa yale yaliyobuniwa Ulaya katika karne ya 19, wakati madaktari wa huko walipokuwa wakihofia kwamba shule zinaipindisha migongo ya watoto. Waliyachora kwa vipimo na kuyasifu kuwa ya kisayansi, huku lengo lao kubwa likiwa kumtuliza mtoto asiondoke katika mkao mmoja. Aliyewakosoa kwa ukali alikuwa Maria Montessori wa Italia, daktari aliyegeuka mwalimu. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1909 alihoji kwa nini, badala ya kuubadili mtindo wa kufundisha unaomdhuru mtoto, watu wanatafuta chombo cha kumfungia ili adhurike polepole. Ni zaidi ya karne moja sasa, na bado hoja hiyo haijaingia katika ofisi za ununuzi wa madawati.

Kwetu shida hiyo imezidishwa na msongamano. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni. Lilikuwa jambo jema, na nitalitetea popote. Lakini dawati la wawili likawa la watatu, na mahali pengine la wanne, hata mtoto wa pembeni akawa anaketi nusu nje, bega moja mbele na jingine nyuma, akiandika kiwiliwili kikiwa kimesokotwa kama kamba ya katani. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ulisema kwamba darasa la mita 7.5 kwa 6 lisizidi wanafunzi 30 wenye madawati ya mmoja mmoja, au 40 wenye madawati ya wawili wawili. Walimu wenzangu wanaofundisha 80 katika chumba kama hicho wanajua umbali uliopo kati ya mwongozo na ukweli.

Kisha mwaka 2023 likaja jambo ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 7, na ikaamuliwa kwamba sekondari msingi iwe ndani ya shule za msingi. Tulijadili kwa kelele walimu, maabara na fedha za kuendeshea madarasa hayo. Ni wachache waliouliza kuhusu viti. Hawa ni watoto wa miaka 12 hadi 15, ndio umri ambao mwili hurefuka kwa kasi kuliko wakati wowote tangu utotoni. Tukiwaacha wakalie madawati ya wadogo zao, tutakuwa tumewapa miaka mitatu ya kujikunja.

Je, kipimo cha haki ni kipi? Ulaya wana kanuni ya fanicha za shule iitwayo EN 1729, ambayo hupanga viti na meza kulingana na kimo cha mtoto, na kila saizi hupewa rangi yake ili hata mtoto mwenyewe aijue. Mtoto wa sentimita 119 hadi 142 hupewa kiti cha sentimita 35 na meza ya sentimita 59. Wa sentimita 133 hadi 159 hupewa kiti cha 38 na meza ya 64. Wa sentimita 146 hadi 176 hupewa kiti cha 43 na meza ya 71. Msomaji ataona kwamba vipimo hivyo vinapandiana, kwa kuwa watoto hawagawanyiki kwa kisu. Sisemi tuviige kama kasuku. Nasema kwamba kuna watu waliokaa chini, wakapima miguu ya watoto wao, ndipo wakamwita seremala.

Nasi tunaweza, tena kwa kipande cha kamba. Mwambie mwanafunzi avue viatu na asimame, kisha upime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo ulio nyuma ya goti. Huo ndio urefu wa kiti chake. Mketishe, mikono ikining'inia na viwiko vimekunjwa, upime kutoka kitini hadi kwenye kiwiko. Ukijumlisha vipimo hivyo viwili umepata meza, ambayo haidhuru ikizidi kidogo. Fundi wa jua kali akipewa namba hizo hashindwi na lolote. Mwaka 2020 serikali ilitenga shilingi bilioni 1.9 za kununua madawati kutoka kwa mafundi wa humu nchini, na jambo hilo lilionyesha kwamba mikono tunayo. Safari nyingine fedha kama hizo zitakapotoka, naomba bodi za shule ziulize swali moja kabla ya kutia saini: ni ya kimo gani? Madawati ya saizi tatu hayatumii mbao nyingi kuliko ya saizi moja.

Hata bila ya shilingi moja yapo ya kufanywa kesho asubuhi. Shule nyingi zina madawati ya vimo mbalimbali yaliyochanganyika bila mpango, kwa kuwa yalinunuliwa miaka tofauti. Yapangwe. Wanafunzi wengi huketishwa kwa alama za mtihani au kwa kutenganisha wapiga soga. Waketishwe kwa urefu wa miguu. Mtoto ambaye nyayo zake zinaning'inia awekewe tofali au kipande cha mbao cha kukanyagia. Dawati lililo fupi liongezewe vipande chini ya miguu, bora vipigiliwe misumari barabara lisije likaanguka. Yale madawati ya zamani yenye mfuniko ulioinama, ambayo wazee wetu walichovyea wino, hayakuwa ya kipumbavu. Daktari mpasuaji wa Denmark, A. C. Mandal, alitumia miaka mingi akieleza kwamba meza iliyoinuka na kuinama kumwelekea msomaji humpunguzia kuikunja shingo. Vitabu viwili vikiwekwa chini ya kile kinachosomwa hutoa nafuu hiyo hiyo.

Kutoka dawati nije kwenye mkoba, ambao wazazi wengi ndio wanaoushtaki. Kilio chao nakisikia, hasa nionapo mtoto wa Gredi ya 3 akienda shuleni kama mpagazi wa bandarini. Huko India, serikali ilitoa waraka mwaka 2018 ikataka mkoba wa darasa la kwanza na la pili usizidi kilo 1.5, na wa darasa la kumi usizidi kilo 5. Sera ya mwaka 2020 ikaweka kipimo cha asilimia 10 ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 30 hizo ni kilo 3 tu, pamoja na chupa ya maji na chakula cha mchana. Hata hivyo, haki itendeke. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba mkoba wa shule huwasababishia watoto ugonjwa wa mgongo. Kwa hiyo naushtaki kwa kosa dogo zaidi: humfanya mtoto ainamishe kichwa na kiwiliwili mbele ili asivutwe nyuma, akafika darasani amechoka kabla ya kipindi cha kwanza. Avae mikanda yote miwili, vitabu vizito vikae karibu na mgongo, na mwalimu atangaze ratiba mapema ili visibebwe vya Ijumaa siku ya Jumatatu.

Na kuhusu mizigo, tusisahau kwamba wanasayansi waliwahi kuja kujifunza kwetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliufanya pamoja na wenzake wa ng'ambo. Waliwapima wanawake Waluo waliobeba mizigo kichwani, na Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Wakagundua kuwa wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila ya kutumia hewa ya oksijeni zaidi ya walipotembea mikono mitupu. Siri ilikuwa katika mwendo wao uliozoezwa tangu utotoni. Baadhi ya waandishi wakalirukia jambo hilo wakaanza kumwambia kila mtu ajitwike ngata ili apate mkao wa kimalkia. Tuwe na tahadhari. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini miongoni mwa wanawake Waxhosa, na kuchapishwa mwaka 2010, haukuona nafuu hiyo kwa jumla, na wengi wao walilalamika kuumwa shingo. Anayemsifu mama kwa shingo iliyonyooka chini ya mtungi wa lita 20 angefanya vyema zaidi kumletea mfereji karibu.

Simu ya mkononi nitaipitia haraka, maana imekwisha kusemwa mno. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kadiri kinavyoinama ndivyo misuli ya shingo inavyovuta zaidi kukizuia. Iinue simu ikaribie macho, kisha uiweke chini ujinyooshe. Kitabu cha hadithi kikisomwa magotini huinamisha shingo vile vile, wala sijasikia mzazi akikilaumu.

Yapo mambo mengine yanayoupinda mgongo wa mwanafunzi, na hayo hayaonekani kwa kupima kamba. Mtoto anayekaribia daftari hadi kulinusa huenda haoni vizuri. Anahitaji miwani, wala si karipio. Msichana anayeanza kupevuka aghalabu hukunja mabega ili kuuficha mwili uliobadilika ghafla mbele ya macho ya wavulana. Mvulana aliyewazidi wenzake kimo, akiitwa twiga kila apitapo, hujifunza kujipunguza. Ukimwambia mtoto wa namna hiyo akae wima mbele ya darasa zima, umemwamuru aonyeshe kile hasa anachokionea haya. Ongea na wanaomcheka kwanza. Pia tusisahau kwamba sisi walimu tumeutumia mkao kama adhabu. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu za mwili, lakini hadi leo nawaona watoto waliopigishwa magoti kwenye kokoto, mikono juu.

Zaidi ya hayo, kuna maradhi. Katika umri wa miaka 10 na kuendelea, wapo vijana ambao uti wa mgongo hupinda kando kama herufi S. Hutokea kwa takriban vijana 2 au 3 katika kila 100, na kwa wasichana mpindo huo huelekea zaidi kukua. Aghalabu chanzo chake hakijulikani, na wala hausababishwi na kuketi vibaya au kubeba mkoba. Ishara zake ni bega moja kuwa juu ya jingine, au mbavu za upande mmoja kuinuka mtoto anapoinama mikono ikining'inia. Ukaguzi huo ufanywe faraghani, na mtu wa jinsia yake, kisha apelekwe hospitali. Kuna pia kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779 na ambacho hakijatoweka katika nchi yetu. Mtoto anayeumwa na mgongo usiku na mchana, anayekonda, anayetokwa jasho usiku, au aliyeota kinundu katikati ya mgongo, asiambiwe akae wima hata mara moja. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za umma, na zikichelewa mtoto anaweza kupooza miguu au kubaki na kibiongo maisha yake yote.

Na sisi wenye chaki? Tunasimama saa nyingi juu ya sakafu ya saruji, tunainama juu ya madawati ya watoto kuwasahihishia, kisha usiku tunajikunja juu ya marundo ya madaftari kwenye kochi lililobonyea. Maumivu ya kiuno yaliwapata watu milioni 619 duniani mwaka 2020, na hakuna maradhi mengine yanayowalemaza watu wengi kuliko hayo. Mimi nilipoanza kuumwa nilijifunza kuchuchumaa kando ya mwanafunzi badala ya kumwinamia, na kuweka mguu mmoja juu ya kibao ninaposimama ubaoni kwa muda mrefu. Chuo kimoja nilichowahi kufundisha kilikuwa na sheria kwamba mwalimu asionekane ameketi darasani. Ilikuwa sheria ya kijinga, na natumaini imekwisha kufutwa.

Bado sijakigusa kipindi kinachoibwa kuliko vyote katika ratiba, nacho ni cha elimu ya viungo. Kimeandikwa ukutani kwa rangi nzuri, lakini mtihani unapokaribia hugeuka kuwa Hisabati. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku, na misuli ya mgongo, tumbo na mapaja inayomshikilia mtu wima hujengwa huko uwanjani. Mwalimu wa Hisabati anayekichukua kipindi hicho anapokea darasa lililochoka, kisha analalamika kwamba halisikilizi. Ajaribu kinyume chake kwa muhula mmoja. Aidha, katikati ya kipindi cha dakika 40 awasimamishe wanafunzi, wajibu maswali wakiwa wamesimama, wabadilishane viti, waende ubaoni kwa zamu. Wanaosoma katika madrasa huketi mkekani na kuyumba mbele na nyuma wanapohifadhi, wala sijaona maalimu akiwazuia.

Wanafunzi niliowaahidi jaribio la sayansi, hili hapa. Bandikeni utepe wa kupimia ukutani, sentimita kwa sentimita. Mtu apimwe asubuhi mara tu aamkapo, kabla ya kwenda kuoga, kwa kuwa sehemu kubwa ya urefu hupotea katika saa ya kwanza tu baada ya kutoka kitandani. Avue viatu, visigino viguse ukuta, na kitabu kigumu kiwekwe kichwani sambamba na sakafu. Apimwe tena jioni baada ya masomo ya ziada. Mtoto wa sentimita 150 huenda akapungukiwa na karibu sentimita 1 na nusu. Walio katika shule za bweni wana nafasi nzuri zaidi, maana ukuta wa bwenini uko hatua tatu kutoka kitandani. Andikeni vipimo vya juma zima katika jedwali, mkimtenga aliyeshinda darasani na aliyekwenda uwanjani, na yule aliyepata dakika 20 za kulala chali adhuhuri, mwone ni nani aliyepungua zaidi.